Ua la Miombo Mkononi mwa Bibi Harusi

Nazungumza nawe uliye Mamboya ukingoja mvua itulie urudi shambani, uliye Dumila stendi, uliye Berega, na wewe wa Mikumi unayefanya biashara kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Mazungumzo yetu leo ni ya maua. Najua yupo atakayeguna: huu ni msimu wa kulima, mbolea haijapatikana, nani ana nafasi ya maua? Nakuomba unisikilize, maana ua ninalotaka kulizungumza limo shambani mwako au kando yake, lina bei katika masoko ya mbali, lina sumu inayoua mtu mzima, na sijasikia mkutano wa kijiji ukilitaja hata siku moja.

Tuanze na pori lenyewe. Miombo ina majira yake ya kuchipua. Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa bado imekauka, vumbi likitimka na moshi wa mioto ya pori ukiwa umetanda milimani, miti ya miombo huanza kutoa majani mapya. Mvua haijanyesha hata tone. Majani hayo machanga si ya kijani, ni mekundu, mengine yana rangi ya shaba, na mtu akitazama miteremko ya Ukaguru wakati huo huona wekundu mlima mzima. Miti hiyo ina mizizi inayofika mbali, hivyo haihitaji kungoja mawingu. Walio chini yake ndio wanaongoja. Ardhini kuna viazi na vitunguu pori vilivyolala tangu kiangazi kilipoanza, na mvua za kwanza za Novemba zikigonga udongo, vinaamka: gladiola za mwitu, okidi za ardhini, na ua letu la leo.

Huchomoza chipukizi moja, jororo, ambalo ukiligusa vibaya linakatika. Likikatika, mara nyingi mwaka huo umepita, hakuna ua. Likisalimika, linapanda. Ncha ya kila jani hujikunja na kushika chochote kilicho jirani, iwe unyasi, kijiti au tawi la kichaka, mpaka shina lifike kimo cha mtu. Hapo ndipo maua yanapoanza, kila moja na kikonyo chake kirefu. Ua linainama kutazama chini, lakini petali zake sita hukunjuka kurudi nyuma na kupanda juu, zikiwa na kingo za mawimbi, njano chini na nyekundu juu, mithili ya ndimi za moto. Siku zinavyokwenda njano inapungua, wekundu unatawala petali yote. Nyuzi sita zenye chavua zimetanda pande zote, na mrija wa kike wa ua umepinda ghafla kwenda upande mmoja, kana kwamba umevunjika.

Haukuvunjika. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2020 ulieleza sababu. Kipepeo akija kunyonya utomvu wa ua hili, mabawa yake ndiyo yanayogusa chavua na kuibeba. Ua limejitanua kwa kipimo cha mabawa, na ule mrija uliopinda umekaa pale ambapo bawa la kipepeo mgeni litapita. Nilipolisoma hilo niliheshimu zaidi kila jani la pori. Mmea unaoonekana kujiotea tu kichakani umepangwa sawasawa na mdudu anayepita kwa nukta chache.

Jina lake la kitaalamu ni Gloriosa superba, alilolipa mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, mwaka 1753. Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na Waluguru wanalijua katika lugha zao. Mimi leo nitaliita glorioza, ili sote twende pamoja.

Sasa twende harusini. Desemba ni mwezi wa harusi kwetu. Watoto wamerudi kutoka mijini, ndugu wamekusanyika, kamati imekamilisha michango. Na Desemba ndio mwezi wa glorioza vilevile, maana mvua imeshakolea. Mtazame bibi harusi akishuka kwenye gari lililopambwa. Mkononi ameshika shada. Shada hilo ni la plastiki, au la kitambaa kilichokakamaa kwa gundi, limenunuliwa Kariakoo, pengine limekodishwa na limeshashikwa na mabibi harusi wengine kabla yake. Kwenye meza kuu ni hivyo hivyo, kwenye boneti ya gari ni hivyo hivyo. Simlaumu mama wa mapambo. Yeye anahitaji kitu kisichonyauka njiani kutoka Morogoro mjini, kisichovunjika, ambacho atakitumia tena Jumamosi ijayo. Ninachosikitikia ni kwamba gari la harusi linapita katikati ya pori lililojaa maua ambayo wanaharusi wa nchi nyingine wanayaagiza kwa fedha nyingi, na hakuna hata mmoja garini anayegeuza shingo.

Wenzetu wa Ulaya wana ua lao la msituni linaloshabihiana na habari yetu. Wafaransa huliita muguet. Ni kengele ndogo nyeupe zilizopangana kwenye kijiti kimoja, zenye harufu nzuri, zinazotoka chini ya miti, baridi ya majira ya kipupwe ikiisha. Kila tarehe 1 Mei, siku ileile sisi tunapoadhimisha Sikukuu ya Wafanyakazi, Wafaransa hupeana vijiti vya muguet kutakiana heri, na siku hiyo mtu yeyote huruhusiwa kuliuza barabarani. Ua hilo limeshikwa na maharusi wakubwa: mwigizaji Grace Kelly alilishika Monaco mwaka 1956 alipoolewa na mtawala wa huko, Rainier, na Kate Middleton alikuwa nalo katika shada lake London mwaka 2011 alipoolewa katika ukoo wa kifalme wa Uingereza. Lakini nataka usikilize hapa vizuri. Muguet ni sumu. Linadhuru moyo, kuanzia jani hadi tunda. Hilo halikuwazuia kulipenda. Wamejifunza kuishi nalo, wanawafundisha watoto wasilitie mdomoni, na wakulima wanalipanda kwenye vitalu badala ya kutegemea msitu pekee.

Glorioza nalo limeshakwenda huko, ingawa sisi hatukulisindikiza. Mwaka 1903 mtaalamu wa bustani huko Uingereza, James O'Brien, alilieleza ua jekundu lenye kingo za njano lililotoka upande wa Uganda, akaliita Gloriosa rothschildiana kwa heshima ya mmoja wa ukoo wa matajiri wa Rothschild. Baadaye wataalamu walilinganisha wakaona ni ua lilelile la Linnaeus, limetofautiana rangi tu. Jina la Rothschild likabaki madukani. Waholanzi wakalipanda ndani ya vitalu nyumba vyenye joto la kupikwa, ili watu wa nchi ya theluji wapate ua la nchi ya jua. Wajapani nao wakaingia, na mkoa wa Kochi, kusini mwa nchi yao, ukawa na wakulima ambao kazi yao kuu ni hiyo.

Usafirishaji wake ndio ulionishangaza. Waridi linafungwa mafungu, linalazwa kwenye boksi, linapanda ndege. Glorioza haliwezi. Petali zake zikisuguana zinapata alama nyeusi, na zile nyuzi zilizotanda zinakatika. Kwa hiyo wauzaji wamekuwa wakilikata na kikonyo kifupi, wanalitia ndani ya mfuko wa plastiki, wanaujaza mfuko hewa na kuufunga, ndipo ua linasafiri likielea humo ndani bila kuguswa. Likifika na kuwekwa kwenye maji safi linadumu siku nyingi kuliko unavyodhani ukilitazama lilivyo laini. Wapambaji wa huko hulipachika moja au mawili katikati ya shada la maua meupe, na macho ya ukumbi mzima huenda pale.

Kisa kingine kimeigusa Afrika Mashariki. Aprili 1947, Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alitembelea Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, akiwa anakaribia kutimiza miaka 21. Alipewa zawadi ya bruchi ya almasi yenye umbo la ua la glorioza, iliyonunuliwa kwa michango ya watoto wa shule wa nchi hiyo. Miaka mitano baadaye, Februari 1952, alikuwa Kenya baba yake alipofariki. Aliruka kupitia Entebbe kurudi London, na alipotua, akiwa sasa ni malkia aliyevaa nguo nyeusi, bruchi aliyoibandika kifuani ilikuwa ile. Wazimbabwe walipopata uhuru hawakulitupa ua kwa sababu malkia alilivaa. Ni ua lao la taifa hadi leo. Huko India, jimbo la Tamil Nadu limelifanya ua la jimbo.

Tamil Nadu wana sababu zaidi ya uzuri, na sababu hiyo inanipeleka kwenye jambo zito.

Glorioza lina kemikali iitwayo kolchisini. Imo katika mmea mzima, na katika kiazi na mbegu imo kwa wingi. Wakulima wa Tamil Nadu hupanda glorioza ekari kwa ekari, hawauzi ua, wanauza mbegu, na viwanda hukamua humo dawa ya jongo, yale maumivu makali ya viungo ambayo mara nyingi huanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Kwa vipimo vidogo vya daktari ni dawa. Kinyume cha hapo, kolchisini huzuia seli za mwili kugawanyika. Mtu aliyekula kiazi cha glorioza haanguki papo hapo. Zinapita saa kadhaa, kisha koo linawaka, anatapika, anaharisha maji mfululizo. Pengine baada ya hapo anapata nafuu kidogo na nyumbani wanashukuru. Kumbe ndani sumu inaendelea: uboho unaacha kutengeneza damu, figo na moyo vinachoka. Wapo waliopona, wakapoteza nywele zote kichwani baada ya wiki moja au mbili. Na wapo wengi ambao hawakupona.

Sri Lanka madaktari wameandika mara nyingi habari za watu waliokula kiazi hicho wakidhani ni kiazi kitamu. Hilo linaweza kutokea kwetu, na ndilo linalonikosesha utulivu. Mwaka wa njaa watu wa vijijini huchimba viazi pori. Kusini, Mtwara na Lindi, wanachimba ming'oko, chakula kizuri kabisa. Kiazi cha glorioza kina umbo la vidole viwili vilivyoungana kwa pembe, laini, cha rangi ya kahawia, na mtoto mwenye njaa hana namna ya kujua. Nawaomba wazee mnaokijua muwaonyeshe wajukuu. Mwonyeshe mmea ukiwa na ua, umfukulie kiazi akione, umwambie hiki hakiliwi, wala hakichemshwi kikawa chakula, kisha mnawe mikono wote wawili. Na ikitokea mtu amekula, asisubiri atapike apone. Akimbizwe hospitali, Berega, Kilosa, Mikumi, ile iliyo karibu, hata kama bado anatembea na kuongea, na kipande cha alichokula kipelekwe pamoja naye.

Kolchisini hiyohiyo imewafanyia kazi kubwa wakulima wa maua. Mwaka 1937 wanasayansi wa Marekani waligundua kwamba ukiipaka kwenye chipukizi la mmea, kromosomu zake huongezeka maradufu, na mmea unaotoka hapo mara nyingi huwa na petali nene na maua makubwa. Baadhi ya maua tunayoyaona kwenye kalenda na kadi za harusi yamepitia njia hiyo.

Sasa nisikilize, maana nimefika kwenye hoja yangu. Nilipoanza kuwaeleza watu habari hizi, wa kwanza kunijibu aliniambia: basi vijana waingie porini, wakate, tuuze. Hapana. Nakataa kwa moyo wote, na nina mfano wa kwetu wa kuonyesha njia nyingine.

Pwani yetu, kuanzia Lamu, Mombasa, Tanga hadi Unguja, ua halijawahi kuwa pambo la kukodi. Mwanamke wa pwani ana kikuba: asumini, rihani, vipande vya mkadi, na kilua, vimefungwa kwa uzi vikawa fungu dogo la kubandika kwenye nywele au kifuani, au kuweka chini ya mto. Ana koja la asumini shingoni siku ya sherehe. Usiku wa arusi chumba kizima kinanukia. Hilo ni shada, na ni shada la zamani kuliko hayo ya kwenye magari. Katika maua hayo, kilua ndicho kinachonivuta zaidi, kwa sababu asili yake ni msitu. Mkilua ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na ua lake halina madoido ya kukuita kwa macho. Linakuita kwa pua. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea wa bustani za Kew aliyewahi kufanya kazi Nairobi miaka mingi, aliuandika rasmi akauita Mkilua fragrans, jina ambalo nusu yake ni Kiswahili kitupu.

Kabla Verdcourt hajazaliwa, wanawake wa pwani walikuwa wameshaufanyia mti huo jambo la maana kuliko kuuandika: waliuleta nyumbani. Waliupanda uani, karibu na kisima, wakaumwagilia maji ya kuoshea vyombo, wakachuma kilua asubuhi bila kuingia msituni. Leo misitu mingi ya pwani imekatwa, imebaki vipande vipande, lakini mkilua bado unanukia kwenye nyua za watu. Wanawake hao hawakuwa na mradi wala mfadhili. Walikuwa na ua wanalolipenda na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba. Kwa nini mama wa Mamboya asifanye hivyo kwa glorioza?

Ukilikata porini unalidhuru kwa njia ambayo haionekani. Kiazi cha glorioza hufa kila mwaka. Kile kilichotoa shina hunyauka, na pembeni yake mmea hutengeneza vingine vipya vya mwaka ujao. Chakula cha kuvijaza vipya hivyo hutoka kwenye majani. Kwa hiyo kijana akikata shina zima apeleke barabarani, amechukua ua la mwaka huu na amekinyima kiazi cha mwaka ujao. Akirudia mara mbili, tatu, pale mahali panabaki nyasi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kuchuma ua lolote ni kosa kisheria, na misitu ya hifadhi ya Ukaguru nayo ina wenyewe na taratibu zake. Lakini hata pale pasipo na askari, uangalifu huo unahitajika.

Njia ipo. Kwanza, mashamba. Kila mwaka jembe letu na trekta la kukodi linafukua viazi vya glorioza na kuvikata vipande, na kipande kisicho na jicho la kuchipulia hakioti. Ukikutana nacho shambani mwako, usikitupe kwenye moto. Kitoe, ukipande uani mahali pasipotuama maji, ukilaze kwa ubavu, kina cha kiganja, chipukizi lake lisiguswe. Kisogezee fito au wigo wa kujishikia. Pili, mbegu. Ua likiisha hubaki tunda la kijani linalokauka na kupasuka, ndani mbegu nyekundu zimepangana. Chukua chache, nyingine ziache zidondoke zilipo. Mbegu inataka subira, huchelewa kuota, na tangu kuota hadi ua la kwanza hesabu miaka mitatu hivi. Na mbegu ni sumu pia, kwa hiyo zisikae jikoni.

Ukifikia kuchuma, chuma ua na kikonyo chake na kijitawi kifupi, majani yabaki kwenye shina. Fanya asubuhi mapema, ua likiwa limekunjuka petali lakini njano yake bado imo. Litie kwenye maji papo hapo. Usilipange juu ya mengine. Nimekwambia wauzaji wa ng'ambo wanalisafirisha kwenye mfuko wa hewa. Kutoka Mamboya hadi ukumbini Dumila hatuhitaji mfuko, ndoo ya maji yenye mdomo mpana na mtu mmoja mwangalifu wa kuishika inatosha. Shada lishikwe, lipigwe picha, likae mezani. Ila lisikae kwenye keki. Siku hizi kuna mtindo wa kupachika maua halisi juu ya keki ya harusi, na wapambaji wanafanya kwa nia njema. Glorioza lisiguse keki, wala sinia la pilau, wala bilauri. Mshika maua mdogo, yule mtoto anayetangulia mbele ya bibi harusi, apewe ua jingine.

Nizungumze kidogo juu ya miti, kwa kuwa ua hili halina maisha bila miti. Wengi tunaamini mkaa ndio unaomaliza miombo ya Kilosa. Mkaa una sehemu yake, lakini kwenye vijiji vyetu shamba jipya linafuta msitu zaidi ya tanuri. Kuanzia mwaka 2012 vijiji kadhaa vya wilaya hii, Ulaya Mbuyuni, Ihombwa na vingine, vilianza utaratibu wa mkaa endelevu pamoja na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu. Sehemu ya msitu wa kijiji iligawanywa miraba ya mita 50 kwa 50. Mraba mmoja unakatwa, wa jirani unaachwa, visiki vinabakizwa virefu vichipue, na mraba uliokatwa hauguswi tena mpaka miaka 24 ipite. Fedha iliyoingia kijijini ikasaidia shule, maji na zahanati. Mimi nautazama mpango huo kwa jicho la ua. Mti ukikatwa na kisiki kikabaki, kiazi kilichoko ardhini hakijaguswa. Jua linaingia zaidi, na mvua ikija glorioza linapanda juu ya machipukizi ya kisiki. Trekta likipita na kugeuza udongo wote, hapo ndipo kila kitu kinaondoka, kiazi, kitunguu pori, okidi, na kipepeo anayevifuata. Kwa hiyo mwanakijiji akikaa kwenye mkutano wa matumizi bora ya ardhi, wakati kamati ya maliasili inaonyesha ramani ya wapi palimwe na wapi pabaki msitu, na ajue kwamba anaamua pia juu ya maua.

Vikundi vya kina mama wa mapambo, ombi langu linakuja kwenu. Mnao mtaji wa viti, vitambaa na maturubai. Ongezeni tuta moja. Sihitaji muache plastiki mara moja, maana najua mkopo wa vikoba unarudishwa kila wiki na harusi haingoji ua lichanue. Anzeni na tuta la glorioza kwenye uwanja wa mmoja wenu asiye na mbuzi wala watoto wadogo, mlizungushie wigo, mwandike kwenye kibao kwamba ni sumu. Majani yakinyauka kiangazi, viazi viacheni ardhini palepale, au mkivitoa vifukieni kwenye mchanga mkavu ndani ya debe lenye alama, mbali kabisa na ghala la mihogo na viazi vitamu. Pandeni jirani yake asumini na rihani, ambavyo havina madhara na vinanukia, maana glorioza halina harufu ya maana. Shada lenye wekundu wa miombo katikati na asumini ya pwani pembeni halijauzwa Kariakoo wala Amsterdam.

Na ninyi mnaolima mashamba mapya mwezi huu kati ya Mamboya na Magole, tazameni jembe linapopita.